Tulilalanga

Kwa kalamu nyekundu ya shilingi ishirini, nilikata neno moja la mtoto wa wenyewe. Neno lenyewe ni "tulilalanga". Juu yake nikaandika "tulilala", nikaendelea na mstari uliofuata.

Mimi hufundisha tuisheni Ruiru, pande za Kimbo, Jumamosi na Jumapili mchana. Niliacha chuo katikati, na kuandika peke yake hakulipi keja, kwa hivyo wazazi wakinipigia simu sikatai. Kijana huyu yuko Gredi ya 8. Nilimpa kile kichwa ambacho kila Mkenya aliyekalia dawati amewahi kukiandikia insha: Siku Ambayo Sitaisahau. Yeye akaandika kuhusu siku mwenye ploti alikuja na kufuli. Deni la miezi miwili. Mlango ukafungwa vitu vyote vikiwa ndani, sare yake ya shule na jiko la mamake pia. Aliandika hivi: "Mathe akamshow atatoa doo Ijumaa, buda akakataa. Hiyo wiki yote tulilalanga kwa jirani."

Ukurasa mmoja na nusu. Nilihesabu makosa 23 na nikampa 14 kwa 40.

Ilikuwa usiku, niko kwa mat nikirudi Thika, tumekwama hapo Juja, ndipo lile neno likanirudia. "Tulilala kwa jirani" ni mara moja. Mtu analala, kunakucha, anaenda zake. "Tulilalanga" ni kila usiku: kubeba blanketi jioni, kubisha, kungoja watoto wa jirani wamalize kula ndio mpate nafasi kwa sakafu, halafu kesho tena. Ukitaka kusema hivyo kwa sanifu unahitaji maneno mawili, "tulikuwa tukilala". Mimi sikuandika hivyo. Niliandika "tulilala", yaani nilichukua masaibu ya wiki nzima nikayafanya ya usiku mmoja, halafu nikamkata maksi kwa kuwa yeye ndiye aliyesema sawasawa.

Hiyo -anga haikutoka kwa uvivu. Kwa Kikuyu, shosho wangu akisema "nĩtũkomaga" anamaanisha ndivyo sisi hulala, kila siku. Kiluhya kina -anga yake. Watu wa lugha hizo walipokutana kwa ploti moja, kwa kiwanda kimoja, kwa stendi, walihitaji Kiswahili chenye hicho kifaa na wakakitia. Hata Tanzania, ambako tunaaminishwa kwamba kila mtu huongea kama kamusi, vijana husema "anakujaga" na hakuna anayezirai.

Wanafunzi wa sekondari wanalijua jambo hili kwa jina lake rasmi, isimujamii. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE imelitengea alama 10. Unaweza kupewa mazungumzo ya kondakta na abiria, uulizwe hiyo ni sajili gani na utaje sifa zake. Ukijibu kwamba wahusika wanachanganya ndimi, wanatumia misimu, hawajali sarufi, na kwamba hayo yote yanafaa muktadha wao, unapata maksi. Sasa rudi kwa karatasi ya kwanza, ya insha, uandike vile kondakta huongea. Mtihani ni ule ule. Nimecheka hii kitu peke yangu mara nyingi, na si kicheko kizuri.

Usanifu nao una historia ambayo hatukuwahi kuambiwa darasani. Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, wa enzi za ukoloni, na hapo ikakubaliwa kwamba Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia hiyo kazi. Kimvita, lahaja ya huo mji wenyewe waliokuwa wameketi, kiliachwa, na kilikuwa na washairi wake wakubwa kama Muyaka. Mtoto wa Mombasa akiandika "mato" badala ya "macho", naye anakutana na kalamu nyekundu. Sisemi walichagua vibaya. Ilibidi vitabu viwe na lugha moja ndio visomeke kutoka Lamu mpaka Kigoma. Ninachosema ni kwamba walichagua, watu kwa mkutano, na sisi tukarithi uamuzi wao kana kwamba ulishuka na mvua.

Kwa hivyo nilikuwa nimemfanyia kijana nini haswa? Hilo ndilo swali lililonikalia. Alama ya mkasi ikipita kwa neno la mtoto inaweza kumwambia kwamba mtihani hautalikubali, na hiyo ni kweli tupu, ana haki ya kuijua mapema. Lakini inaweza pia kumwambia kwamba yeye na mamake hawajui kuongea. Huo ni uongo. Shida ni kwamba kalamu haiwezi kusema la kwanza bila kunong'ona la pili, hasa kama mwalimu amenyamaza.

Na aliusikia huo mnong'ono. Wiki iliyofuata nilimpa kichwa kile kile, aandike upya. Akaniletea kurasa tatu. Jogoo la kwanza liliwika. Jua lilichomoza mashariki. Aliamka, akapiga mswaki meno yake meupe pe kama theluji, akastaftahi, na babake akawaendesha kwa gari jipya mpaka Mombasa, guu mosi guu pili, sijui gari lilipata wapi miguu. Methali sita. Hana baba anayemjua, na Mombasa ameiona kwa simu. Shuleni insha ya aina hiyo ilipata 34. Mamake alinipa parachichi tano za shukrani juu ya pesa yangu. "Mwalimu, Mungu akubariki, huyu sasa ameshika."

Nilizila. Zilikuwa tamu.

Nilimwambia haya rafiki yangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari Thika, tukinywa chai Makongeni. Nilimsimulia pia kesi ya Ann Arbor, huko Michigan, Marekani. Mwaka 1979 jaji mmoja aliamua kwamba bodi ya shule ilikuwa haijachukua hatua za kutosha kuizingatia lugha ya nyumbani ya watoto Weusi ilipokuwa ikiwafundisha kusoma. Hakuamuru watoto wafundishwe hiyo lugha. Aliamuru walimu wafundishwe kuitambua, ndio waitumie kuwavusha watoto mpaka Kiingereza sanifu. Na lugha hiyo ina namna yake ya kuonyesha jambo linalofanyika kila mara, binamu kabisa wa -anga yetu.

Rafiki yangu alisikiza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Sasa hii stori ukiiandika, utaiandika na Kiswahili gani?"

Nikanyamaza.

"Si unaona. Wewe unaweza kuweka 'manze' na 'keja' hapa na pale, watu waseme unaandika poa, juu wanajua hiyo ingine unaiweza. Huyo kijana akiandika hivyo watasema hajui. Mfundishe kwanza, utamhurumia baadaye."

Amenipiga pahali pabaya, na sina jibu kamili mpaka leo. Nilikuwa nimezoea kusema "kila lugha na mahali pake", na linasikika la haki mpaka uangalie nani amepewa wapi. Sanifu imepewa mtihani, taarifa ya habari, kitabu. Kiingereza kimepewa barua ya kazi. Lugha ya huyu mtoto imepewa stendi na chumba ambacho kinaweza kufungwa kwa kufuli. Lakini nikimwachia "tulilalanga" kwa karatasi ya mtihani ndio mimi nijisikie mtu wa haki, gharama ya haki yangu atailipa yeye. Hapo rafiki yangu ako sawa. Pale tunaachana ni kwa hilo neno "kwanza". Mtoto aliyejifunza kwamba insha nzuri ni ile isiyomhusu hatangoja hapo nje mpaka nimalize kumfundisha ndio nimwite arudi.

Jumamosi iliyopita nilimrudishia ile insha ya kwanza. Nikamwambia neno lake lilikuwa na kazi, na mimi ndiye niliyekosea kulirekebisha. Akaniangalia vile watoto huangalia mtu mzima anayeomba msamaha, kwa wasiwasi kidogo.

"Kwani ilikuwa sawa, ticha?"

"Ilisema ukweli. Kwa mtihani utasema huo ukweli hivi: tulikuwa tukilala."

"Lakini wakiona tulilalanga watanipea maksi?"

"Hapana."

"Sawa." Akachukua kalamu. Baada ya muda akaniuliza mtu anasemaje kwa sanifu mwenye nyumba akifunga halafu asimame hapo nje akiwaangalia tu. Tulikaa na hiyo sentensi karibu nusu saa. "Akasimama akitutazama" aliikataa, akasema haina dharau ya kutosha. Mwishowe akaandika "akabaki amesimama, anatutazama kama vitu vilivyotolewa nje", na hakuna kamati ingeweza kumpa hiyo.

Aliipeleka shuleni Jumatatu. Ilirudi na 27. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu wake ameandika: "Kazi safi. Methali ziko wapi?" Mamake bado hajanipigia.