Mgeni wa Siku Mbili Juba

Shule zikifungwa, mabasi ya Kampala yanayopitia Nimule huingia Juba na abiria wa aina nyingine. Mbali na wafanyabiashara na mizigo yao, wamo akina mama na watoto wanaomfuata baba anayeuza vipuri soko la Custom au nguo soko la Konyo Konyo. Baba anaweza kufunga duka siku mbili tu. Swali la kwanza ni wataona nini, na jibu halikawii: kaburi la Garang, daraja la Mto Nile, mlima Jebel Kujur, jioni samaki kando ya maji. Swali la pili huchelewa, na mara nyingi mwulizaji ni bibi aliyebaki Mbale au Eldoret: mji uliozika watu wengi kiasi hicho, mnakwenda kuutalii?

Bibi ana hoja. Vita vilizuka Juba Desemba 2013, vikarudi Julai 2016, na mkataba wa amani wa Septemba 2018 haukuzima kila moto.

Tena hoja yake ni kongwe. Augustino, askofu wa Hipo huko Afrika Kaskazini, aliandika mwishoni mwa karne ya 4 kwamba macho yana tamaa yake yenyewe. Uzuri si lazima. Watu hukimbilia hata maiti iliyoraruka, ili tu wasipitwe. Kwa Waislamu, Mtume aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha akhera. Ubishi ulizuka juu ya kufunga safari kwa ajili ya kaburi: mwanazuoni Ibn Taymiyya aliikataa safari hiyo, na fatwa hiyo ikamfikisha gerezani Damascus mwaka 1326, akafia humo mwaka 1328. Wanazuoni wengi hawakumfuata, na Lamu hadi leo Maulidi huenda pamoja na ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh. Hata hivyo, mwulize askofu au mwulize sheikh, atarudi palepale: jicho limekuja kutafuta nini?

Chukua kaburi la Garang. John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini mwa Sudan, alitia saini mkataba wa amani na serikali huko Nairobi Januari 9, 2005. Julai 9 aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, na Julai 30 helikopta iliyokuwa ikimrudisha kutoka Uganda ikaanguka. Alizikwa Juba Agosti 6, na kwenye viwanja vya kaburi hilohilo ndipo uhuru wa Sudan Kusini ulipotangazwa Julai 9, 2011. Mtoto wa Kiganda akisimama pale ataambiwa kwamba helikopta ile ilikuwa ya rais wa nchi yake, na kwamba vita vilipozuka mwaka 2013 askari wa nchi yake waliingia Juba. Mtoto wa Kikenya ataambiwa habari za Nairobi. Kumbe hawakuja kutazama msiba wa watu baki.

Hapohapo, Februari 5, 2023, Papa Fransisko aliongoza Misa. Safari yake, pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Kanisa la Uingereza na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, iliitwa hija ya amani. Vijana wa Kikatoliki kutoka Rumbek walitembea kwa miguu zaidi ya wiki nzima kuja kuwaona, wakiongozwa na Askofu Christian Carlassare, mtu aliyepigwa risasi miguuni mwaka 2021. Nao walikuja kutazama, lakini waliulipia mtazamo huo kwa nyayo zao.

Familia ya basi la Nimule haina wiki ya kutembea. Mgeni siku mbili, wahenga walisema, ya tatu mpe jembe. Na safari fupi humwondoa mgeni kabla jembe halijaletwa. Anakula ukarimu, anaondoka. Basi dawa ni kupunguza orodha na kukaa. Chini ya mwembe, mama wa chai ana jiko la mkaa, birika, glasi ndogo na viti vifupi vya plastiki. Tangawizi anatia bila kuulizwa, sukari pia. Ukikaa pale saa nzima, zamu inageuka: sasa watoto ndio wanaotazamwa, wanaulizwa ni wa nani na wametoka wapi. Huenda mama huyo akawauliza kwa Kiswahili alichojifunzia kambini Kakuma, kwa maana wakazi wengi wa mji huu waliwahi kuwa wakimbizi Kenya na Uganda.

Kamera ibaki mfukoni. Kupiga picha bila kibali, hasa daraja, uwanja wa ndege, ofisi za serikali na askari, kunaweza kumletea mtu matatizo. Amri ya kuomba kibali haikuwekwa kwa ajili ya maadili, na inawabana hata waandishi wa habari wa hapohapo. Ila kwa mtoto wa miaka kumi ina faida ambayo mwenye amri hakuikusudia.

Bibi anakosea mahali pamoja: anapodhani furaha ni kufuru. Wenyeji wenyewe hufurahi. Misafara ya harusi hupiga honi, na mieleka ya Wamundari na Wadinka hujaza watazamaji. Mgeni anayejilazimisha kununa Juba nzima amewafanya wenyeji kuwa vita vyao tu, hawana jingine.

Mtihani mkubwa wa hoja hii ni Terekeka, kaskazini mwa mji, kwenye kambi za ng'ombe za Wamundari. Wapiga picha wa kigeni huzifuata kwa ajili ya vijana waliojipaka majivu na pembe ndefu za mifugo yao. Watetezi husema fedha ya mgeni huwafikia wenyeji, na ni kweli. Lakini kwenda asubuhi na kurudi jioni ni kwenda kukodoa macho, hata ukilipa. Anayetaka Terekeka aahirishe hadi likizo ndefu, aombe ruhusa ya kulala huko, na alfajiri watoto wake waamshwe wakusanye mavi ya ng'ombe pamoja na watoto wa kambi, yachomwe moshi ufukuze wadudu.