Msomaji na Mshukiwa

Msomaji wangu, yamkini umepata kukisoma kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, alichokitunga Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960, na tangu hapo imesomwa na watu wengi katika Afrika Mashariki. Mwenye mashamba anakutwa ameuawa penye mzimu. Wako wanaoogopa kuwa hiyo ni kazi ya mizimu. Lakini Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, hakubali neno asilolipima.

Mimi nilikisoma katika gari la moshi, asubuhi na jioni, kati ya Ruiru na Nairobi. Kilinifurahisha mno, ijapokuwa marehemu hakuniliza hata chozi moja. Huo ni upungufu wa hadithi nyingi za namna hiyo, hata zile za Agatha Christie: maiti huwa fumbo kabla ya kuwa mtu. Lakini silo lililonisumbua. Kilichonisumbua ni furaha yangu ya kushuku. Kabla sijafika katikati nilikuwa nimekwisha kuwahukumu watu watatu, kila mmoja kwa sababu ambayo leo naona haya kuitaja. Na nilipokosea nilicheka tu, nikafunua ukurasa mwingine.

Jioni moja ya juma lile lile nilishuka Ruiru, nikakuta watu wamemzunguka kijana mmoja karibu na soko. Mkoba wa mama mmoja ulikuwa umepotea, na kijana yule alikuwa amesimama hapo, viatu vimechakaa, anatweta. Neno "mwizi" lilikuwa limekwisha kutamkwa, nawe wajua kwamba neno hilo likitamkwa mawe hayakawii. Nami niliamini. Sikuokota jiwe, wala sikufumbua kinywa.

Mzee mmoja muuza viazi ndiye aliyeuliza, "Mama, mkoba wako uliushika mara ya mwisho wapi?" Ulionekana juu ya magunia yake, nyuma ya mizani. Kijana alikuwa akitweta kwa sababu alikuwa akilikimbilia gari la kwenda Thika.

Waweza kusema kuwa kushuku moyoni si kosa, maana moyo haumpigi mtu. Kwa kitabu nakubali. Kwa sokoni nakataa, kwa kuwa kundi lile lilikuwa la watu kama mimi, kila mmoja akishuku kimya na kumwachia mwenzake kutenda. Bwana Msa naye hushuku, tena sana. Ila huanza na dhana yake mwenyewe.

Kijana aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi. Hapana aliyemwomba radhi, nami nikiwamo. Na gari lake lilikuwa limekwisha kuondoka.