Majina Yanaposomwa Uwanjani



Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa saba, katika shule zetu za misioni za Masisi na Walikale, kuna usiku mmoja ambao watoto hawapati usingizi. Kesho yake ndiyo siku ya kutangaza matokeo. Wazazi hukusanyika uwanjani, mama amejifunga kitenge chake cha Dominika, baba ameshika kofia mkononi. Wengine wametoka mbali kwa miguu, kupitia vilima vya malisho au njia za msitu. Mwalimu mkuu husimama mbele ya mlango na karatasi zake. Darasa baada ya darasa, husoma majina: huyu amepata 78 kwa mia, huyu 64, huyu 51. Kisha huwasoma na wale wasiofika 50. Vigelegele huinuka, mama hucheza, na aliyefaulu humwagiwa unga au poda kichwani hata uso wote huwa mweupe. Mgeni akipita hapo, hudhani kuna arusi.

Wengine kati yenu mwauliza: Je, yafaa Mkristu ashangilie hivyo kwa ajili ya karatasi? Najibu: yafaa. Fikirini kwanza safari ya karatasi ile. Mtoto wa mwaka wa 6 ameondoka nyumbani kabla ya jua kupanda, na umande umelowesha miguu yake. Katika Masisi amepanda na kushuka milima yenye baridi. Katika Walikale amevuka mito juu ya gogo. Alianza kusoma kwa Kiswahili, kisha akaongezewa Kifaransa, lugha ambayo nyumbani kwake pengine hakuna amsemeshaye kwayo. Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019, Serikali ilipotangaza kwamba masomo ya shule za msingi za umma ni bure, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia shuleni, na twamshukuru Mungu. Lakini madarasa yakajaa, wakabanana katika benchi moja, na kitabu kimoja kikasomwa na macho mengi. Jioni mtoto ameteka maji, amefunga mbuzi, amembeba mdogo wake mgongoni, ndipo apatapo nafasi ya kulitazama daftari lake karibu na moto.

Tena kumekuwa na vita. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vilifika Masisi penyewe, na mwezi wa tatu vikafika Walikale. Watu walikimbia na magodoro vichwani. Mahali pengine madarasa yaligeuka malazi ya wakimbizi, na mabenchi yakawa kuni. Mtoto aliyepita katika hayo yote, kisha akajua kugawanya hesabu na kuandika sentensi iliyonyoka, mama yake akipiga vigelegele, mimi simkatazi. Anamsifu Mungu, hata kama yeye mwenyewe hajatambua kwamba anasali.

Sasa tazameni Injili ya Luka, sura ya 2. Yezu alikuwa na miaka 12, yaani umri ule ule ambao watoto wetu wengi humaliza shule ya msingi. Wazazi wake walimkuta hekaluni, katikati ya walimu. Alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza. Mwaona utaratibu huo: kusikiliza kulitangulia. Watu wote walistaajabia akili yake. Na baada ya kustaajabiwa? Hapo ndipo wengi wetu tunafunga kitabu mapema. Alishuka pamoja na Maria na Yozefu mpaka Nazareti, kijiji kidogo ambacho watu walikidharau, akawatii. Hakusema, "Sasa mimi ni msomi, sitachukua tena mbao za baba." Miaka mingi ilipita, na watu wa kijiji walimjua kuwa seremala tu. Mwana wa Mungu hakuona haya kurudi kijijini baada ya kusifiwa mjini. Basi, ninapomwona kijana aliyetangazwa wa kwanza, na kesho yake yumo shambani anapalilia maharagi pamoja na mama yake, nasema moyoni kwamba huyo amesoma kweli.

Shangilieni, basi, lakini shangilieni jambo la kweli. Nasema hivyo kwa sababu ya uovu mmoja unaotembea usiku. Mahali pengine, wala sipataji, husikika kwamba mzazi amepeleka kuku, au bahasha ndogo, ili 46 igeuke 56. Ukimwuliza, asema: "Sikuiba, nilishukuru tu." Kumbe shukrani hupelekwa mchana, baada ya matokeo, na kila jirani huiona! Iliyopelekwa gizani kabla ya matokeo ina jina jingine. Na mtoto anajua. Anasimama katikati ya uwanja, unga kichwani, watu wanamwimbia, naye anajua. Siku ile amefundishwa somo ambalo mwalimu hakuliandika ubaoni: kwamba ukweli una bei, na bei yake ni kuku mmoja. Kesho atakapokuwa karani, au askari, au mganga wa dispensari, mwataka atufanyie nini?

Msidhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa Kanisa. Katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kaskazini tunaye Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapewa kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa ziingiazo nchini. Watu walitaka apokee fedha ili vyakula vilivyoharibika vipite. Alikataa, maana alijua vitaliwa na watu maskini. Katika mwezi wa saba wa mwaka 2007 walimkamata, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Kabla ya hapo, tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, aliwaambia waitazame mikono yao, akaeleza fundisho moja kwa kila kidole. Na alipofika kwenye kidole cha uaminifu, alimtaja Floribert huyu.

Lakini mimi, kwa kuwa ni mwalimu, napenda mlikumbuke jambo lingine tena juu yake. Katika jumuiya ya Sant'Egidio alishughulika na watoto wa barabarani wa Goma, wakifundishwa katika shule iitwayo Shule ya Amani. Hao ni watoto ambao hakuna mzazi aliyesimama uwanjani kusikiliza majina yao. Aliyekataa fedha za wakubwa ndiye aliyeketi pamoja na watoto wasioweza kumlipa kitu. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali moyoni mwake.

Turudi uwanjani. Nyimbo zimekwisha, pombe ya ndizi imekwisha, watu wamelala. Je, mtoto wa mwaka wa 6 ataamka aende wapi? Shule ya msingi ni bure, lakini mbele yake kuna masomo yanayodai fedha, na mara nyingi shule yenyewe iko mbali. Hapo baba huanza kupiga hesabu. Katika Masisi yako machimbo ya koltani ya Rubaya. Katika Walikale iko kasiteriti ya Bisie, na mashimo mengine mengi madogo msituni. Mtoto mwenye mgongo wa nguvu akichukua mfuko, jioni ataleta kitu nyumbani. Shuleni ataleta kitu baada ya miaka mingi, kama Mungu akipenda. Simdharau baba huyo. Njaa haijui kusubiri. Ila naomba afikiri pia kwamba udongo wa milima yetu huporomoka mvua inyeshapo, na ya kuwa mwana aliyefunikwa na udongo hawezi kuchimbuliwa kwa fedha aliyoleta jana. Na kwa msichana hesabu ni nyingine, lakini yafanana nayo: watu huanza kuzungumza juu ya mbuzi na ng'ombe, naye hata hajafikia umri wa kuelewa wanachozungumza.

Nitasema neno ambalo huenda wengine hawatalipenda. Nimeziona sherehe za siku moja zilizokunywa fedha za muhula mzima. Baba anakaribisha kijiji kwa sababu mwanawe amefaulu, na mwezi wa tisa mwana huyo huyo anakaa nyumbani kwa kukosa ada na daftari. Wapikieni watoto sombe na wali, wapeni maziwa, waimbieni hata jua lizame; hayo hayafilisi mtu. Kile ambacho mngenunulia pombe, kiwekeni mkononi mwa mama mmoja mwaminifu wa shirika, kikae mpaka shule zitakapofunguliwa.

Tena kuna yule aliyesomwa mwisho, na yule aliyepata 43. Yeye hamwagiwi unga. Hupita nyuma ya darasa, anazunguka njia ya migomba asionekane, na nyumbani pengine anangojwa na fimbo. Wapenzi, msimpige. Mwulizeni kwanza alikuwa wapi siku zile asipokuwa shuleni, na nani aliyemtuma. Mara nyingi fimbo ingestahili kumrudia mwenye kuituma mikono ile midogo sokoni siku ya masomo. Shule haina budi kusoma majina pamoja na pointi, kwa sababu shule hupima, silaumu. Lakini ninyi wakatekumeni mtaona utaratibu mwingine. Katika Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Kanisa huwaita kwa majina wale waliochaguliwa kubatizwa Pasaka. Mtaitwa mmoja mmoja. Hapo hakuna wa kwanza wala wa kumi na tano. Mzee wa miaka 60 na kijana wa miaka 15 hujibu kwa sauti ile ile. Padri hatasoma 78 wala 43. Aliyeitwa ameitwa.

Nasema haya hasa kwa ajili yenu mnaoketi nyuma ya kanisa saa ya mafundisho, mkificha mikono yenye sugu, kwa sababu hamkupata kusoma utotoni. Mwaona haya mtoto akitamka upesi yale ambayo ninyi mwayarudia mara ishirini. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha chama cha Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba wanaotaka ubatizo waandaliwe kwa miaka 4. Wamisionari wengine waliona ni mingi mno, yeye akashikilia. Alijua kwamba moyo hujifunza polepole kuliko mdomo. Basi mwambieni mtoto aliyefaulu aje jioni na kuwasomea katekisimu. Yeye atapata kurudia masomo yake, nanyi mtapata neno. Yule kijana wa Injili ya Yoane, sura ya 6, alikuwa na mikate 5 tu ya shayiri na samaki 2. Hakuna aliyemwuliza amesoma mpaka wapi. Alivitoa, na watu wengi wakala.

Neno moja juu ya shule yenyewe. Kuna wazazi wanaosema, "Shule ni ya Serikali na ya mapadri, wao wataitengeneza." Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule zote za misioni, kwa mapatano ya mwaka 1977 Kanisa lilikabidhiwa tena kuziongoza. Wazee wetu waliona yote mawili, nao wanajua kwamba katika nyakati zote mbili paa lilivuja pale pale, na waliolifunika ni wazazi, kwa salongo. Maaskofu wetu walipoamua mwaka 1961 kwamba Kanisa la Kongo lijengwe katika jumuiya ndogo, zile tunazoziita mashirika, hawakukusudia tukutane kwa rozari peke yake. Mbao, misumari, udongo wa kuta, kuni za kupikia mafundi: hayo nayo ni mambo ya shirika. Mwezi wa nane ndio wa kuyafanya, kabla mvua kubwa haijarudi, na wasiobatizwa bado hawazuiliwi kubeba ubao.

Basi, katika mkutano wa shirika wa juma litakalofuata matokeo, kila nyumba ilete jina la kila mtoto wa jirani ambaye hakuwepo uwanjani siku ile. Aliyeko machimboni, andikeni. Aliyeko kambini, andikeni. Aliyeozwa, andikeni, pamoja na kijiji alikopelekwa. Tutayasoma majina hayo mbele ya msalaba polepole, bila pointi, kisha tutagawana nani atakwenda kwa nani kabla ya mwezi wa tisa. Asiyejua kuandika amwite mmoja wa wale waliofaulu amwandikie.