Njeo na Lawama: Tafakuri juu ya Plus-que-parfait ya Kifaransa na Tukio la Malakisi, 1948

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kifaransa anayesomea Kanduyi, Bungoma, hukutana na njeo iitwayo plus-que-parfait baada ya kuzizoea zilizo nyepesi zaidi. Aghalabu hufundishwa njeo hiyo kama kanuni ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanadai kuwa kanuni hiyo imebeba suala zito la kimaadili, yaani kwamba lawama haiegemei tendo peke yake, bali huegemea pia lile lililokuwa limelitangulia.

2.0 Umbo

Umbo lenyewe si gumu. Kitenzi kisaidizi avoir huwekwa katika njeo ya imparfait, kikafuatwa na umbo timilifu la kitenzi kikuu. Kutokana na tirer, yaani kufyatua risasi, hupatikana j'avais tiré, tu avais tiré, il avait tiré, nous avions tiré, vous aviez tiré, ils avaient tiré. Vitenzi vichache, hasa vya mwendo, pamoja na vile vinavyomrudia mtenda mwenyewe, huchukua être badala ya avoir.

Kiswahili nacho hutumia vitenzi viwili: nilikuwa nimefyatua, walikuwa wamefyatua. Tofauti ni kwamba Kiswahili humtaja mtenda katika vyote viwili, kana kwamba kinamtaka aitike mara mbili. Jina la Kifaransa, kwa tafsiri sisisi, ni "zaidi ya timilifu": tendo ambalo lilikwisha kukamilika wakati tendo jingine, nalo la zamani, lilipotukia.

3.0 Mfuatano na lawama

Uzito wa jambo hili hudhihirika mtu akitazama historia ya eneo lenyewe. Mwezi wa Februari 1948, wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, walikusanyika kwenye misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, karibu na Kanduyi. Siku chache baadaye umati wa wafuasi hao ulikabiliana na polisi huko Malakisi. Risasi zikafyatuliwa na watu 11 wakauawa. Mwaka huohuo dini hiyo ilipigwa marufuku.

Kwamba risasi zilifyatuliwa si jambo la kubishaniwa. Swali la haki ni jingine: ni nini kilichokuwa kimetendeka kabla? Zitazamwe sentensi mbili, zinazotolewa hapa kama mifano ya umbo na si kama hukumu ya tukio. Ya kwanza: Quand la police a tiré, la foule avait attaqué, yaani, polisi walipofyatua risasi, umati ulikuwa umeshambulia. Ya pili: Quand la foule a attaqué, la police avait tiré, yaani, umati uliposhambulia, polisi walikuwa wamefyatua risasi. Watenda ni walewale na vitenzi ni vilevile. Kilichobadilika ni njeo tu, lakini lawama imehama kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili hakihitaji umbo hilo, kwa kuwa kina -ka- ya masimulizi: umati ukashambulia, polisi wakafyatua. Hoja hii ina ukweli, ila haitoshi. Kwa -ka-, mpangilio wa kusimulia ndio mpangilio wa kutendeka. Msimulizi hutembea mbele tu. Zaidi ya hayo, -ka- hupenyeza dhana ya sababu na matokeo bila kuitetea. Umbo la "walikuwa wamefyatua" humwezesha msimulizi kurudi nyuma, na kwa kurudi huko hulazimika kutamka wazi ni lipi lililotangulia. Mbinu rejeshi katika riwaya huegemea uwezo huohuo.

Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lubukusu ana hazina nyingine. Lugha hiyo hutofautisha wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Hata hivyo, kipimo hicho ni cha umbali kutoka leo. Plus-que-parfait hupima nafasi ya tendo moja mbele ya jingine. Tendo la mwaka 1948 laweza kuwa mbali sana nasi, na bado swali la nani alitangulia likabaki bichi.

4.0 Majuto

Kifaransa kina jambo jingine la kustaajabisha. Umbo lilelile hutumika, likitanguliwa na si, kueleza lisilotukia: si la police n'avait pas tiré. Hapa Kiswahili huachana na "walikuwa wamefyatua" na kuchukua umbo tofauti kabisa: kama polisi wasingalifyatua. Katika Kifaransa, kumbukumbu na majuto huvaa vazi moja, na neno dogo si ndilo huyatenganisha. Katika Kiswahili kila kimoja kina vazi lake.

Kwa mintarafu hiyo, mazoea ya kuchanganya -nge- na -ngali- si kosa dogo la sarufi. Kwa mujibu wa sarufi ya kimapokeo, -nge- huacha mlango wazi, ilhali -ngali- huufunga. Anayesema "wasingefyatua" juu ya wafu wa Malakisi anazungumza kama kwamba bado liko la kufanywa ili wasife. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu yuko vizazi viwili mbele ya babu, kama tendo hili lilivyo hatua mbili nyuma ya msemaji.

5.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba njeo huzaa dhamiri. Lugha isiyo na umbo hili ina "kwanza" na "kabla", na wasemaji wake huhukumu kwa haki au kwa dhuluma kama wengine. Kinachodaiwa ni kwamba umbo hili humnyima msemaji nafasi ya kujificha. Mwanafunzi wa Kanduyi anapoandika avait tiré, amekwisha kutoa ushahidi juu ya nani alianza. Inafaa afundishwe hivyo.