Kosa la Mpiga Kinanda



Jumapili moja hivi karibuni kijana wetu wa kinanda alikosea katika wimbo wa kuingilia. Kidole kiliteleza, ikatoka sauti isiyotakiwa, na vichwa vikageuka. Kimojawapo kilikuwa changu. Baada ya ibada mzee mmoja alisema kwamba afadhali tutumie nyimbo zilizorekodiwa, kwa kuwa hizo hazikosei. Neno hilo nimekaa nalo siku nyingi. Je, kisichokosea ndicho kilicho bora?

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu nilipenda kusoma habari za wapiga piano wakuu. Basi na tuwaulize wao.

Katika karne ya 19 Franz Liszt, Mhungaria, aliongeza mapambo yake mwenyewe katika kazi za watunzi wengine, na watu wakamshangilia. Clara Schumann, Mjerumani, alishika njia nyingine: alijihesabu kuwa mtumishi wa mtunzi, akapiga kilichoandikwa. Walitofautiana sana, lakini wote wawili waliwapigia watu walioketi mbele yao. Sauti ikishatoka imekwisha, na kosa huenda zake pamoja nayo.

Santuri zilileta desturi mpya. Msikilizaji aliweza kurudia muziki mara mia, na kosa moja likawa makosa mia. Artur Schnabel alirekodi huko London sonata zote 32 za Beethoven, kuanzia mwaka 1932 hadi 1935, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya hivyo. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika 4 hivi tu, wala haukuweza kukatwa na kuungwa. Ukikosea, ama urudie upande mzima, ama uliache kosa. Schnabel aliacha makosa mengi. Hata hivyo sahani zile zinaheshimiwa mpaka leo, maana anayezisikiliza humsikia mtu aliyefahamu kila wazo la Beethoven.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaenea utepe wa sumaku, ambao uliweza kukatwa kwa wembe na kuungwa tena. Hapo ndipo swali letu lilipokuwa gumu.

Tarehe 9 Mei 1965, Vladimir Horowitz alirudi jukwaani katika Carnegie Hall, New York, baada ya kukaa miaka 12 bila kupiga hadharani. Watu walikesha nje wakingoja tiketi. Alianza kwa kazi ya Bach iliyopangwa kwa piano na Busoni, na mwanzoni kabisa vidole vikakosea. Hakusimama. Aliendelea, na jioni ile ikawa ya kukumbukwa. Lakini katika sahani zilizouzwa mwaka uleule, makosa yale yalikuwa yamesahihishwa. Ilipofika mwaka 2003, Horowitz akiwa amekwisha kufariki, ndipo jioni ile ilipotolewa kama ilivyokuwa.

Mwenzake Glenn Gould wa Kanada aliacha kabisa kupiga hadharani mwaka 1964, akahamia studio. Yeye naye aliunga tepe, lakini alitangaza wazi kwamba anafanya hivyo na akaeleza kwa nini. Mimi niliyesahihisha insha za wanafunzi maisha yangu yote siwezi kumlaumu. Kusahihisha si uongo. Uongo huanza pale kazi ya wembe inapopewa watu kana kwamba ni kazi ya vidole.

Tena kuna hasara nyingine. Wasikilizaji waliozoea sahani safi walianza kudai usafi uleule ukumbini, na wapigaji wakaingiwa na hofu. Wahakiki wengi wamelalamika kwamba upigaji umekuwa sahihi zaidi, lakini wapigaji wamefanana. Anayeogopa kukosea hathubutu kusema neno lake mwenyewe.

Sisemi uzembe usifiwe. Wahenga walisema, kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kijana wa kinanda na afanye mazoezi, tena kwa bidii. Lakini wimbo uliorekodiwa hautungoji tunapochelewa, wala haujui kwamba leo tumemzika mwenzetu na tunaimba polepole. Yeye anajua. Kukosea kwake ni sehemu ya kuwapo kwake pamoja nasi.

Chuoni nilikata alama kwa kila kosa la mwanafunzi katika somo la mazoezi, wala sikumbuki kumpa hata mmoja alama kwa kutosimama baada ya kukosea. Leo ningempa.

Jumapili mbili zimepita, na kijana hakuja kupiga. Nilipogeuza kichwa changu siku ile, nilimwonyesha kwamba alihitajika kama mashine tu. Jumamosi hii nitakwenda kwao kumwomba radhi, na kumwomba arudi. Mzee mwenzangu aliyenena habari za nyimbo za kurekodiwa ameahidi kunifuata.