Nani Aliyekutuma?

Liko swali nililoulizwa mwaka 1998 hapa Balangdalalu, nami mpaka leo, nikiwa nimestaafu ualimu na kuvuka miaka sabini, bado ninajiuliza. Nilikuwa nimesimama chini ya mgunga nikiwaeleza watu habari za muswada wa sheria ya ardhi. Mzee mmoja wa Kibarabaig, ambaye nilikuwa nawafundisha wajukuu wake, aliinua fimbo akasema, "Mwalimu, maneno yako tumeyasikia. Lakini nani aliyekutuma?"

Kwa hakika hakuna aliyenituma. Mbunge hutumwa kwa kura, na wakili hutumwa na mteja wake. Sisi tulikuwa watu wanne tu, walimu wawili, muuguzi mmoja wa kike na karani wa ushirika, tuliojitolea kusoma muswada ule jioni baada ya kazi. Uliandikwa kwa Kiingereza, na mimi niliyepitia chuo cha ualimu nikapewa kazi ya kuufasiri.

Wilaya yetu ya Hanang ilikuwa na sababu ya kuusoma. Tangu miaka ya 70, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada. Takribani ekari 100,000 za malisho zikachukuliwa, na makaburi ya wazee wa Kibarabaig yakapitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki wakashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya ushindi wao. Aliyeona hayo hawezi kusema kwamba sheria ni mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam.

Huko Dar es Salaam nako, watu waliousoma muswada huo kwa nia njema walitofautiana. Mei 1997 asasi na watu binafsi walikuwa wametoa Azimio la Uhai. Walifuata njia iliyofunguliwa na Tume ya Profesa Issa Shivji ya mwaka 1991, wakitaka mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya kijiji yawe mikononi mwa mkutano wa kijiji, si mikononi mwa Rais. Watetezi wengine, wakiwamo Chama cha Wanasheria Wanawake, waliweka nguvu zao katika kumpatia mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Wa kwanza waliona msingi wa nyumba umepinda. Wa pili waliona mlango ambao ukifungwa leo huenda usifunguliwe tena karibuni. Je, tuukatae muswada mzima, au tuseme nusu shari ni heri kuliko shari kamili?

Nilidhani jibu ni kusoma kwa makini tu. Nilipofika penye tafsiri ya ardhi ya jumla, nilisoma kwamba ndani yake imo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, nikataka kuendelea. Mzee yule akanizuia. "Tukihamisha ng'ombe wakati wa mvua ili majani yaote, ardhi ile inatumika au haitumiki? Mimi nikilala usiku, nimekufa?"

Nilinyamaza. Mimi ni mkulima na mtoto wa mkulima, na kwangu ardhi inayotumika ni ile yenye jembe. Nilikuwa nimelipita neno lile mara tatu kwa sababu halikunigusa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ile tuliandika hoja yake kama alivyoisema.

Ndipo mzee akasema, "Basi sasa sisi tunakutuma. Andika pia kwamba ardhi ya wanaume haigawiwi wanawake." Wanaume wengi wakaitikia. Wanawake waliokuwa pale walikuwa wachache, nao walikaa nyuma kimya.

Hapo ndipo nilipoijua bei ya kutumwa. Nilikuwa nimetamani idhini ya mkutano, na sasa nilipewa kwa sharti la kuwasahau waliokaa kimya. Nilimkumbusha mzee kwamba mila yake ina baraza la wanawake linaloweza kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke, kwa hiyo si kweli kwamba mila haimjui mwanamke. Hakuridhika. Kesho yake muuguzi wetu alikwenda kuwasikiliza wanawake peke yao. Katika barua yetu tuliandika mambo matatu bila kuyachanganya: wanaume wa mkutano wamesema nini, wanawake wamesema nini, na sisi wanne tunaona nini, yaani kwamba ibara ile ya haki ya mwanamke ibaki. Mzee hakuniitikia salamu hadi mavuno.

Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi Februari 1999, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Haki ya mwanamke imo. Rais akabaki mdhamini wa ardhi yote, na maneno "isiyotumika" yakabaki katika Sheria ya Ardhi. Sidai kwamba barua yetu ilileta lolote katika hayo. Nilimpelekea mzee habari zote mbili, akasema, "Angalau hukutuongopea."

Tangu hapo nimeamini kwamba anayejitolea kusema juu ya sheria anabanwa zaidi kuliko aliyechaguliwa, maana hakuna kura itakayomwondoa akikosea. Hana budi kuisoma mwenyewe neno kwa neno, kisha amtafute yule ambaye neno hilo litamwumiza, hasa kama si wa kabila lake wala wa jinsia yake. Na anaposema, atenganishe sauti yake na sauti za wengine.

Mzee yule ameshafariki. Angeniuliza leo nani aliyenituma, ningemjibu kwamba hakuna, na kwamba ndiyo maana nilipaswa kurudi kumweleza nilichokisema.