Kutulizwa Si Kunyamazishwa

Kipimo cha MRI humtaka mgonjwa jambo moja ambalo mtoto mchanga hawezi kuombwa kwa maneno: atulie. Picha yake hujengwa kidogo kidogo, awamu baada ya awamu, na kipimo cha ubongo huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kichwa kikigeuka kidogo tu katikati ya kazi, picha hutoka na ukungu, na dalili iliyokuwa ikitafutwa hupotea humo. Mtu mzima huambiwa asitikisike, naye akajikaza. Mtoto wa miezi mitatu haambiki. Basi utulivu wake hutafutwa kwa njia tatu: ashikiliwe na kufungwa mpaka achoke kulia, apewe dawa ya usingizi, au aandaliwe mpaka alale mwenyewe. Tuseme zote tatu zimefaulu na daktari ana picha ileile mbele yake. Je, njia iliyotumika ina uzito wowote wa kimaadili, ikiwa majibu ni yaleyale na mtoto hatakumbuka chochote? Nadai kwamba inao, na kwamba kumwandaa mtoto kabla ya kipimo ni haki yake hasa. Kuyahesabu maandalizi kuwa ufundi wa kurahisisha kazi ya chumba cha picha ni kuyapunja.

Tuyatazame maandalizi yenyewe. Kumlaza mtoto bila dawa ni jambo la kale katika kila kitu isipokuwa mashine. Asubuhi hiyo hucheleweshwa kidogo kunyonya na kulala, ili afike hospitali akiwa na njaa na usingizi. Hunyonyeshwa muda mfupi kabla ya zamu yake, hucheuliwa, hubadilishwa nepi, huviringishwa kwa shuka laini. Masikioni huwekwa vizibo na juu yake vifuniko, kwa sababu kelele za mashine huweza kupita desibeli 100. Hospitali zenye uwezo hutumia godoro dogo lililojaa punje: hewa ikifyonzwa, godoro hukakamaa na kushika umbo la mwili wa mtoto. Taa hupunguzwa. Kwa kuwa kipimo hiki hakitumii mionzi kama ya eksirei, mzazi aliyekaguliwa huweza kubaki ndani karibu na mwanawe. Njia hii hufaulu zaidi kwa walio chini ya miezi 3, na hujaribiwa hata kwa wa miezi 6.

Ukaguzi huo wa mlangoni si wa kupuuzwa. Sumaku ya mashine nyingi za hospitali ina nguvu ya tesla 1.5 au 3, makumi ya maelfu ya mara zaidi ya nguvu ya sumaku ya dunia, na haizimwi wafanyakazi wakienda nyumbani. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni wa chuma ulivutwa na sumaku ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelazwa ndani ya mashine. Kwa hiyo kila chenye chuma hubaki nje. Kwa mtoto wa pwani yetu orodha hiyo ina pini ya nepi, bangili, wanja wa nyusi ambao huenda una chembe za madini, na pengine hirizi yenye kasha la bati. Mhudumu anaweza kuikata hirizi kwa mkasi bila neno. Anaweza pia kumweleza mama sababu na kumwomba aivue kwa mkono wake mwenyewe. Iwe mtu anaiheshimu hirizi au anaiona ni ushirikina, hayo ni matendo mawili tofauti. Katika la kwanza mama ameambiwa kwamba kinga aliyomwekea mwanawe ni takataka, na dakika chache baadaye tunamtaka mama huyohuyo amnyonyeshe mtoto kwa moyo mkunjufu hadi alale. Heshima kwa mzazi inaingia moja kwa moja katika ubora wa picha, na ingestahili kuwepo hata kama isingeingia.

Lakini mzazi siye anayeingizwa katika mashine. Yeye hutia saini fomu ya ridhaa, na kwa kawaida tunadhani saini hiyo imemaliza kila swali. Haijamaliza. Saini ya mzazi humpa daktari ruhusa. Haiondoi deni ambalo wote wawili, mzazi na daktari, wanadaiwa na mtoto. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1797 juu ya misingi ya sheria na wema, alilijenga deni hili juu ya ukweli ambao hakuna anayeweza kuupinga: wazazi humleta mtu duniani bila ridhaa yake, kwa uamuzi wao wenyewe, na kwa sababu hiyo wanawajibika kumfanya, kadiri wawezavyo, aridhike na hali waliyomweka. Mwanatheolojia Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alisema mtoto ambaye bado hana matumizi ya akili yumo katika ulinzi wa wazazi kama ndani ya tumbo la uzazi la kiroho. Aliyasema hayo ili kuizuia dola na Kanisa visiwabatize watoto wa Wayahudi kinyume cha matakwa ya wazazi wao, na hoja hiyo ina pande mbili: tumbo humkinga mtoto na watu wa nje, ila halimfanyi kuwa kiungo cha mama. Waislamu hulitaja jambo hili kwa jina la amana. Sura ya al-Baqara, aya ya 233, imeweka sharti kwamba mtoto akiachishwa ziwa kabla ya miaka miwili kutimia, wazazi wote wawili waridhiane na kushauriana. Ni ajabu kwamba uamuzi wa nyumbani kama huo, ambao wengi wangeuona ni wa mama peke yake, umepewa uzito wa mashauriano. Nani basi atadai kwamba kumtia mtoto huyohuyo dawa ya usingizi ni jambo la saini tu?

Kuna mtu atakayejibu kwa methali: mgonjwa haulizwi uji. Mtoto hana rai, atasema, wala kilio chake si rai. Ni mwili tu unaoitikia baridi, njaa na kelele. Kwa hiyo kumzungumzia kana kwamba amekataa ni kumbebesha maneno yasiyo yake. Hoja hii ina sura ya kisayansi, na imewahi kutawala hospitali kubwa za dunia. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi, au kwamba dawa za kuyaondoa ni hatari kwake kuliko maumivu yenyewe. Watoto njiti walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli pamoja na ganzi hafifu, au bila ganzi kabisa. Hawakupiga kelele kwa kuwa hawakuweza. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake huko Oxford walichapisha utafiti juu ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya wakati huo, na jingine likaongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Homoni za taharuki zilipanda zaidi kwa wale ambao hawakuongezewa, na matatizo baada ya upasuaji yakawa mengi zaidi kwao. Miili ilikuwa ikisema wakati wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuhesabu usemi huo kuwa ushahidi.

Historia hiyo ndiyo msingi wa hoja yangu yote. Mtoto aliyelegezwa misuli na mtoto aliyeshiba akalala hufanana machoni mwa mpita njia, na hufanana zaidi katika picha, kwa maana kinachoiharibu picha ni mtikisiko. Utulivu wa nje hautuambii kama mtu ametulizwa au amenyamazishwa. Na kama kosa la vizazi vilivyotutangulia lilikuwa kuufasiri ukimya wa mtoto kwa namna iliyowafaa wenye haraka, basi sisi tunalazimika kuuliza kila mara ukimya tulionao umetokana na nini.

Hoja ya kumbukumbu nayo husikika sana, hasa kutoka kwa watu wema wanaotaka kumfariji mama: hatakumbuka. Ni kweli kwamba hakuna kati yetu anayekumbuka miezi yake ya kwanza. Hata hivyo, kutokukumbuka hakumaanishi kwamba hakuna kilichobaki. Anna Taddio na wenzake, mwaka 1997, walionyesha kwamba wavulana waliotahiriwa wakiwa wachanga bila ganzi waliumia zaidi, kwa jinsi walivyopimwa, walipochomwa sindano za chanjo miezi 4 hadi 6 baadaye, kuliko wale ambao hawakutahiriwa. Mwili ulihifadhi kitu ambacho kumbukumbu haikukihifadhi. Tena, hata kama hakuna kingebaki, hoja isingesimama. Mzee aliyepoteza kumbukumbu naye hatakumbuka kesho alivyotendewa leo, na hatumruhusu yeyote kumtendea vibaya kwa sababu hiyo. Anayeumia anaumia wakati anaumia.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni jingine. Mtu anaweza kusema: hata hiyo njia yenu ya upole ni hila. Mmemchelewesha titi makusudi, mmemtia usingizi kwa njaa yake mwenyewe, mmemfunga kwa shuka. Tofauti na dawa iko wapi, isipokuwa kwamba sindano inaonekana na hila haionekani? Nakubali kwamba mtoto ameongozwa. Malezi yote ni kuongoza, na mama anayembembeleza mwanawe usiku naye ana lake analolitaka. Tofauti iko katika kilichobaki mikononi mwa mtoto baada ya kuongozwa. Aliyelala kwa kushiba anaweza kuamka. Akiamka akalia, kazi husimama, anatolewa, ananyonyeshwa tena, au kipimo kinaahirishwa. Neno lake la mwisho bado analo, japo ni kilio, na watu wazima wenye vyeo na mashine ya mamilioni wanalazimika kulitii. Dawa humwondolea neno hilo kabla hajalisema. Mtoto hawezi kuridhia, hilo halina ubishi. Kukataa anaweza, na maandalizi mema ndiyo njia pekee tuliyonayo ya kumshauri kiumbe ambaye jibu lake ni la namna moja tu.

Simaanishi kwamba dawa ni uovu, wala sitaki mzazi yeyote aliyeikubali ajione amemsaliti mwanawe. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba dawa za usingizi zinazotumiwa mara kwa mara, au kwa zaidi ya saa 3, kwa watoto walio chini ya miaka 3 huenda zikaathiri ukuaji wa ubongo. Wengi walilishika onyo na kuyaacha masharti yake. Utafiti wa kimataifa uliochapisha matokeo yake ya mwisho mwaka 2019 uliwafuata hadi umri wa miaka 5 watoto waliopewa dawa ya usingizi kwa muda ambao kwa kawaida haukufika saa moja walipokuwa wachanga, ukawalinganisha na waliopasuliwa kwa ganzi ya sehemu. Tofauti ya maana katika akili zao haikuonekana. Hoja yangu basi haisimami juu ya hofu ya dawa. Mtoto wa miezi 10 ambaye halali tena kwa kuviringishwa, na ambaye uvimbe kichwani mwake haungoji, atendewe kwa dawa, na kumtuliza hivyo ni huruma kuliko kumshikilia akilia. Ninachodai ni kwamba dawa itolewe kwa sababu ya mtoto huyu, siku hii. Uamuzi huo ufanywe mapema, kwa kuwa njia hizi mbili zinagongana: anayetarajiwa kupewa dawa kwa kawaida hufungishwa saa 4 baada ya maziwa ya mama na saa 6 baada ya maziwa ya kopo, ilhali anayetarajiwa kulala mwenyewe hunyonyeshwa mlangoni. Kumfungisha mtoto kutwa nzima kwa sababu hakuna aliyeamua ni kumwonea.

Hapa mwenye kuendesha hospitali atanikumbusha foleni. Mashine ni chache Afrika Mashariki, wagonjwa wanatoka mbali, na mtoto asiyelala hula zamu ya mtu mwingine. Haki ya wale walio nje kwenye mabenchi nayo ni haki, na siwezi kuipuuza. Lakini foleni hiyohiyo inawagonga wataalamu wa usingizi, ambao ni adimu kama mashine zenyewe, na mtoto anayelala mwenyewe hahitaji kumtoa yeyote kati yao katika chumba cha upasuaji. Pia mashine zenyewe zinabadilika. Nchini Uganda, ambako hospitali ya CURE mjini Mbale imewatibu watoto wengi wenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa ndani yake, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimeshirikiana na watafiti wa nje kuunda mashine yenye sumaku hafifu, ya gharama ndogo, kwa ajili ya watoto wa aina hiyo. Picha zake si kali kama za tesla 3. Kwa daktari anayetaka kujua maji yamejaa wapi kichwani, huenda zikatosha.

Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka katika utafiti, mahali ambapo mtoto hana faida yoyote. Katika miaka ya 1970 wanatheolojia wawili wa Marekani walibishana: Paul Ramsey akisema mtoto asitumiwe kabisa katika utafiti usiomtibu, Richard McCormick akisema inafaa ikiwa hatari ni ndogo, maana ni jambo ambalo mtoto angepaswa kulitaka kwa ajili ya wenzake. Miongo kadhaa baadaye, mradi wa Uingereza wa kuchora mitandao ya ubongo unaokua uliwapima kwa MRI mamia ya watoto wachanga. Walinyonyeshwa, wakaviringishwa, wakazibwa masikio, na sauti ya mashine ikapandishwa taratibu ili wasishtuke. Walilala usingizi wao wenyewe, bila dawa. Mtoto asiyeumwa hadaiwi chochote na watafiti, nao wakamwachia uwezo wa kuamka na kuwaharibia kazi. Sioni kwa nini mtoto mgonjwa, ambaye kipimo ni chake na mateso ni yake, apewe heshima ndogo kuliko huyo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kama Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, inaagiza maslahi ya mtoto yatangulizwe. Fomu ya ridhaa ya kipimo hiki ingeweza kulitimiza agizo hilo kwa mstari mmoja wa ziada, juu ya saini ya mzazi, ambapo daktari ataandika ni nini kilijaribiwa kabla ya dawa, au kwa nini hakikujaribiwa.